Masultani wa Kishirazi wa Kilwa: mwongozo kamili wa kutenganisha hekaya na ushahidi

Ubishi wa Kilwa huwa unaanza hivi, mmoja anasema Waajemi ndo waliojenga ule mji, mwingine anajibu hakuna cha Mwajemi wala nini, hizo ni stori za wakoloni kutaka kutupora mji wetu, na ndani ya nusu saa watu wameshaacha masultani wanachambuana koo. Ukiwauliza wote wawili "umejuaje?" jibu hawana, mmoja kasikia kwa babu, mwingine kaona skrinishoti.

Mi hii mada inaniuma sana manake Kilwa ni moja ya sehemu chache za pwani yetu ambapo ushahidi upo wa karibu kila aina, kuna maandishi, kuna sarafu, majengo, vigae vya vyungu, mifupa, simulizi za wazee, vyote vipo, na bado tunabishana kama vile hatuna kitu mkononi. Kwa hiyo naweka hapa hatua ninazofuata mwenyewe, na mfano ni ule ukoo wa kwanza, wa Kishirazi, uliotawala Kilwa mpaka mwishoni mwa karne ya 13 ukapokonywa kiti na ukoo wa Abu al-Mawahib, wale wanaoitwa Mahdali, halafu ukapotea. Tafuta daftari na kalamu, hii kazi haifanyiki kichwani.

Hatua ya 1: andika hekaya yote, usiikate

Hapa ndo watu wengi wanaharibu. Wanasema "ile hekaya ya Kilwa" kama vile ni moja, kumbe zipo angalau tatu na hazikubaliani.

Ya kwanza ipo kwenye kitabu cha Kiarabu kinachoitwa Kitab al-Sulwa. Humo sultani wa Shiraz, mji wa Uajemi (Iran ya leo), anaota panya mwenye pua ya chuma anaguguna ukuta wa mji, anaona hiyo ni dalili ya maangamizi, basi anaondoka na wanawe sita kwa merikebu saba, kila moja inatia nanga mahali pake, ya nne Mombasa, ya tano Pemba, ya sita Kilwa, ya saba Nzwani kule Komoro. Waliofika Kilwa wanakikuta kisiwa kina mtawala asiye Mwislamu, ananunuliwa kisiwa chake kwa nguo za kukizungushia kisiwa kizima, anakwenda zake bara, halafu anajuta anataka kurudi, anasubiri maji yakupwe avuke kwa miguu kama zamani, maji hayakupwi.

Ya pili ni ya Mreno João de Barros, iliyochapishwa 1552. Huku hakuna panya. Kuna mtoto wa sultani wa Shiraz ambaye mama yake ni mtumwa wa Kihabeshi, ndugu zake wanamdharau, basi anaamua kwenda kutafuta pa kwake, anapanda chombo Hormuz, bandari ya Ghuba ya Uajemi, na watu wake, merikebu mbili tu.

Ya tatu ni ya wazee wa Kilwa Kisiwani wenyewe, iliyoandikwa kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20. Mwenyeji humo anaitwa Mrimba, na mgeni anamwoa binti yake, anazaliwa mtoto, mtoto anakua anakwenda kwa babu yake mzaa mama na babu anamwachia utawala.

Ziweke kwenye daftari safu tatu, mstari kwa mstari. Na usiruke vitu vidogo vinavyokukera. Mfano huu naupenda sana: kwenye al-Sulwa wageni wanaposhuka Kilwa wanamkuta tayari Mwislamu mmoja na watoto wake, anatajwa kwa jina la Muriri wa Bari, na wanakuta msikiti umeshasimama, unaitwa Kibala. Yaani kitabu kilekile ambacho watu wanakitumia kuthibitisha kwamba Uislamu ulikuja na merikebu saba, chenyewe kinasema msikiti ulikuwepo kabla hazijafika! Wanaosambaza hii stori wanakiacha kile kipande kwa sababu kinaharibu utamu.

Hatua ya 2: uliza nani kaandika, lini, na kwa nini

Kila andiko lifanyie maswali manne. Mwandishi aliishi lini? Alikuwa karibu kiasi gani na jambo analosimulia? Nani alifaidika likiandikwa vile? Na hii kopi tuliyonayo ni ya mwaka gani?

Tuichukue al-Sulwa. Mwandishi hajulikani jina, ila mwenyewe anasema alizaliwa mwaka 904 Hijria, ambao ni 1499. Kwa hiyo aliandika karne ya 16, wakati huo Ureno wameshaipiga Kilwa mwaka 1505 na mji umeshayumba, na anasimulia mambo ya karne zaidi ya nne nyuma yake. Hebu jiulize, wewe unamjua babu yako wa mwaka 1600 alivaa nini? Halafu kopi iliyotufikia ilinakiliwa Zanzibar mwaka 1877, Sultani Barghash akampa John Kirk balozi wa Uingereza, ndo ikafika London. Na haijakamilika, mwandishi anaahidi sura 10, tunazo 7.

Barros naye hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki. Alikuwa Lisbon, anafanya kazi kwenye ofisi ya biashara ya India, na alipata mikononi tarehe, yaani historia, ya wafalme wa Kilwa iliyochukuliwa na Wareno, akaifupisha. Sasa hapa kuna mtego. Watu husema "vitabu viwili tofauti vinasema hivyohivyo, kimoja Kiarabu kimoja Kireno, basi ni kweli". Hapana, vyote viwili vimekunywa kisima kimoja, simulizi ya jumba la Kilwa la mwanzo wa karne ya 16. Vinapokubaliana hujapata mashahidi wawili, umepata shahidi mmoja aliyenukuliwa mara mbili. Pale wanapopishana ndo pa kuangalia kwa makini, maana panakuonyesha simulizi ilikuwa bado laini, inaumbwa.

Na nani alifaidika? Ukoo unaotawala bandari ya dhahabu unahitaji asili yenye heshima, inayoeleza kwa nini wao wakae juu. Kuitwa wana wa sultani wa Shiraz ilikuwa heshima kubwa Bahari ya Hindi nzima. Hilo halithibitishi kwamba wamedanganya, lakini liandike pembeni.

Hatua ya 3: tafuta vipande vinavyosafiri

Kuna vipande vya hekaya ambavyo havina kwao, vinatembea dunia nzima. Ukivikuta ujue huyo ni msimuliaji anafanya kazi yake, sio karani anaandika kumbukumbu.

Ile ya kununua kisiwa kwa nguo za kukizunguka, Carthage kule Tunisia ya leo wanayo kwa Malkia Dido, ila yeye alitumia ngozi ya ng'ombe iliyokatwa nyuzi nyembamba. Namba saba nayo ipo kila mahali, hata Barros anasema Mogadishu na Barawa zilianzishwa na ndugu saba waliotoka al-Ahsa, Arabuni. Ndoto ya kuonya, mtoto wa mama wa chini anayedharauliwa kisha anakuja kuwa mfalme, maji yanayogoma kukupwa, hivi vyote vikate uviweke kwenye ukurasa wake.

Usivitupe lakini. Ile nguo ina habari ndani yake, inakwambia kwamba karne ya 16 watu wa Kilwa walielewa kwamba utawala wao ulitokana na biashara ya vitambaa na bara, na kwamba walihisi lazima waeleze kwa nini mwenyeji alitoka kwa hiari. Na ile ya ndoa ya binti wa Mrimba mi naona ina uzito kuliko zote, kwa sababu inaonyesha utawala unapita kwa mama, jambo la kawaida kabisa kwa jamii nyingi za kusini mwa pwani, na mtu anayetaka kujisifia asili ya ng'ambo asingelitunga bure. Ikumbuke, tutaikuta tena kwenye mifupa.

Hatua ya 4: safisha tarehe

Mwaka wa Hijria ukitaka kuupeleka kwenye Miladi haraka, zidisha kwa 0.97 halafu ongeza 622. Mwaka 904 unakupa 1499. Barros anasema mgeni alifika muda mfupi baada ya mwaka 400 Hijria, fanya hesabu unapata kama 1010. Kikokotoo hiki kina makosa ya mwaka mmoja hivi ila kwa kazi yetu kinatosha.

Sasa utakutana sana na mwaka 957 kama mwaka Kilwa ilipoanzishwa, upo kila kona. Huo mwaka haupo kwenye jiwe wala sarafu yoyote. Umepatikana kwa mtaalamu kuchukua orodha ya masultani na miaka yao ya kutawala kama ilivyo kwenye hizo historia, akahesabu kurudi nyuma. Shida ni kwamba orodha za namna hiyo zina miaka ya duara, zina majina yanayojirudia, saa ingine mtu mmoja kagawanywa wawili au wawili waliotawala kwa pamoja wamepangwa foleni. Ukikosea miaka 10 hapa na 15 pale, ukifika juu umeshapotea karne. Kwa hiyo kila tarehe unayoikuta weka alama: imeandikwa kwenye kitu chenyewe, imeandikwa na mtu wa baadaye, au imekokotolewa. Alama tatu tu, ila zitakuokoa na ubishi mwingi sana.

Hatua ya 5: sarafu, hapa kaa muda mrefu

Hapa ndo nasisimkwa kila mara. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu zao wenyewe, za shaba kwa wingi, zina jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtukuza Mungu upande wa pili, na pande zote mbili zinaimba vina! Sarafu ni ushahidi wa aina nyingine kabisa na kitabu, kwa sababu imetengenezwa wakati uleule na mtu mwenyewe anayetajwa au watu wake, hakuna mjukuu wa karne nne baadaye aliyeingiza mkono.

Na jina la Ali bin al-Hasan, yule anayetajwa na al-Sulwa kama sultani wa kwanza, lipo kwenye sarafu. Kwa hiyo kabla hujaenda mbali andika: mtawala wa jina hilo alikuwepo. Mwenye kusema ukoo wote ni wa kutunga ameshapotea hapo.

Lakini lini? Hizo sarafu za shaba hazina mwaka. Mwanaakiolojia Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 na kuchapisha kazi yake 1974, alizikuta kwenye matabaka ya udongo ambayo yalimfanya amweke Ali bin al-Hasan karibu na mwaka 1200. Ikakaa hivyo. Halafu 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ikapatikana hazina ya sarafu ndogondogo za fedha zaidi ya 2,000 zenye majina ya watawala wa pwani, na jina la Ali bin al-Hasan likiwemo, pamoja na dinari za dhahabu za ng'ambo ambazo zina tarehe, ya karibuni zaidi ikiwa ya 1066. Basi wataalamu wengi wakamrudisha nyuma mpaka karne ya 11, na ghafla Barros na ile 1010 yake akaonekana hayuko mbali kihivyo.

Mafunzo mawili hapa uyabandike ukutani. La kwanza, tabaka la udongo linakwambia sarafu ilianguka lini, halikwambii ilipigwa lini, sarafu inaweza kuzunguka mikononi mwa watu miaka mia na zaidi. La pili, jina kufanana sio mtu kufanana, Ali na Hasan ni majina ya kawaida mno, na kuunganisha wa Mtambwe na wa Kilwa ni hoja nzuri lakini inabaki kuwa hoja. Na kitu ambacho sarafu haisemi kabisa: haisemi "mimi natoka Shiraz".

Nikiwa kwenye sarafu, mfano wa jinsi ya kutokimbia na habari. Mwaka 1944 mwanajeshi mmoja kule visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, aliokota sarafu tisa, tano zikaja kutambuliwa kuwa za Kilwa. Watu wakaruka moja kwa moja kwamba Waswahili waligundua Australia! Ila zile nne nyingine zilikuwa za Waholanzi, za kati ya 1690 na miaka ya 1780. Kama kweli zilifika pamoja basi zilifika baada ya hapo, na mtu yeyote angeweza kuzibeba. Linganisha na sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa wa karne ya 14, iliyopatikana Great Zimbabwe. Ile tunajua njia yake, dhahabu ya bara ilikuwa inashuka Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, na Kilwa ndo iliyoshika biashara ya Sofala, kwa hiyo sarafu imekaa mahali inapotegemewa. Kitu kimoja kilichookotwa mbali bila mazingira yake hakibebi stori nzima.

Hatua ya 6: jifunze ushahidi imara unafananaje

Ili ujue ule wa Washirazi una nguvu kiasi gani, uweke karibu na sultani ambaye hana ubishi. Al-Hasan bin Sulaiman, Abu al-Mawahib, baba wa zawadi, wa ule ukoo uliofuata.

Ibn Battuta, msafiri wa Morocco, alifika Kilwa 1331 akamkuta akitawala, akasifia ukarimu wake, akasema baada yake alitawala ndugu yake Dawud ambaye mkono wake ulikuwa mgumu, ombaomba akija anamwambia mtoaji kafa na hakuacha kitu. Al-Sulwa inamtaja huyohuyo, na Dawud pia. Sarafu zake zipo kwa wingi, mpaka za dhahabu zimepatikana tatu. Na kwenye magofu ya Husuni Kubwa, lile jumba lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane, Chittick alikuta maandishi yenye jina lake. Msafiri wa nje, kitabu cha ndani, sarafu, jiwe. Mashahidi wanne ambao hawakukaa kikao kupanga maneno. Hiyo ndo maana ya kuthibitika.

Sasa usilegee hata hapo. Ibn Battuta anasema Kilwa ni katika miji mizuri na majengo yake ni ya mbao, wakati sisi leo tunaona mawe ya matumbawe na chokaa. Wengine wanatumia hilo kusema hakufika. Mi naona maelezo mepesi yanatosha zaidi: nyumba za watu wengi zilikuwa za miti na udongo na zimeoza, za mawe zilikuwa chache na ndo zilizobaki, na kitabu chenyewe alikuwa anamsimulia mwandishi wake kiasi cha robo karne baadaye. Alikaa muda mfupi pia. Ukikuta mgongano usikimbilie kumwita mtu mwongo, kwanza uliza kila shahidi alikuwa anaangalia wapi.

Sasa mrudie Ali bin al-Hasan. Ana kitabu cha karne nne baadaye na ana sarafu. Viwili, na cha pili ndo chenye nguvu. Umeona tofauti?

Hatua ya 7: shuka chini ya magofu

Swali la udongo ni hili: kabla ya mawe kulikuwa na nini? Jibu la Kilwa liko wazi, kulikuwa na mji. Matabaka ya chini kabisa, kuanzia kama karne ya 9, yana nyumba za miti na udongo, vyungu vya kienyeji vya aina ileile inayopatikana pwani nzima na bara, chuma kinachofuliwa hapohapo, na vichache kutoka ng'ambo. Hakuna mstari kwenye udongo unaoonyesha kwamba siku moja watu walibadilika, wengine wakatoka wengine wakaingia. Vyungu vinaendelea.

Panua kidogo macho. Shanga, kisiwani Pate huko Lamu, Mark Horton alichimba chini ya msikiti akakuta msikiti mwingine, chini yake mwingine, mpaka wa miti wa karne ya 8. Kwa hiyo Waislamu wa pwani walikuwepo muda mrefu kabla ya mtawala yeyote wa Kilwa anayeitwa Mshirazi. Muriri wa Bari na msikiti wake pale mwanzo hawashangazi tena.

Kwenye majengo jihadhari na kitu kimoja, umri wa maandishi na umri wa ukuta ni vitu viwili. Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107, lakini msikiti unaouona umejengwa upya kwa sehemu kubwa karne ya 18. Msikiti Mkuu wa Kilwa nao una sehemu ya zamani, una nyongeza kubwa ya karne ya 14, na ukafanyiwa matengenezo karne ya 15. Ukiambiwa "msikiti wa karne ya 11" uliza ukuta upi.

Hatua ya 8: mifupa

Machi 2023 ulitoka utafiti wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa kati ya 1250 na 1800, wengi kwenye miji ya pwani kama Mtwapa, Manda, Faza, Songo Mnara na Kilwa, na baadhi ndani zaidi. Ulichokuta: kwa wengi wa miji ile zaidi ya nusu ya asili ni ya Kiafrika na imepita hasa kwa mama, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni ya Asia, hasa Uajemi na kidogo India, imepita hasa kwa baba. Kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Baada ya kama 1500 upande wa Asia unakuwa wa Kiarabu zaidi.

Siku ile kambi zote mbili zilitangaza ushindi. Wewe tulia, fanya kama tulivyofanya huko nyuma, kipande kwa kipande. Inasema wanaume wa Kiajemi walizaa na wanawake wa pwani karibu na mwaka 1000? Ndiyo. Inasema walikuwa wana wa sultani? Hapana, damu haina cheo. Inasema walitoka Shiraz? Hapana, na kumbuka Shiraz haina bahari, bandari kubwa ya upande ule enzi hizo ilikuwa Siraf. Inasema walikuja siku moja kwa merikebu saba? Hapana. Inasema waliujenga mji? Mji ulikuwepo. Inasema kila Mswahili wa zamani alikuwa hivyo? Hapana, makaburi mengi yaliyopimwa ni ya watu wenye nafasi, karibu na misikiti, na sampuli za Kilwa yenyewe zilikuwa chache mno ukilinganisha na Mtwapa.

Halafu sasa mrudie Mrimba na binti yake. Mgeni wa kiume, mama mwenyeji, mtoto anarithi kupitia ujombani. Kati ya hekaya zote tatu, ile ya wazee wa kisiwani, ambayo wasomi waliidharau kwa miaka kwa sababu iliandikwa mwisho, ndo inayokaa vizuri zaidi na mifupa. Nilipoliona hilo nilifunga daftari nikatoka nje kutembea.

Lugha nayo usiisahau ila haichukui muda: Kiswahili ni Kibantu kwa sarufi na kwa msamiati wa msingi, maneno ya Kiajemi yapo, bandari ni mojawapo, ila hayana wingi wa lugha ya watu waliohamia kwa mamia na familia zao. Wanaume wachache waliooa mjini na watoto wao wakasema lugha ya mama, picha inakuwa hiyohiyo.

Hatua ya 9: fuatilia jina lenyewe

"Shirazi" halijawahi kumaanisha kitu kimoja. Karne ya 16 Kilwa lilikuwa dai la ukoo wa kifalme. Baadaye pwani, Unguja na Pemba likawa namna ya mtu kusema mimi ni mwenyeji wa siku nyingi, nilikuwepo kabla ya Waarabu wa Omani. Mwaka 1957 likaingia kwenye siasa na Afro-Shirazi Party. Kwa hiyo mzee wako akisema "sisi Washirazi" usimkatize na habari za Iran, muulize ana maana gani, mara nyingi anakwambia habari ya ardhi na ukongwe, na hiyo ni habari ya kweli kwa namna yake.

Hatua ya 10: andika hukumu kwa ngazi

Usiandike kweli au uongo. Tumia ngazi nne, na kila dai liandikie limesimama juu ya nini. Daftari langu kwa sasa linasomeka hivi.

Imethibitika: palikuwa na mji wa wenyeji Kilwa kabla ya masultani, udongo unasema. Mtawala Ali bin al-Hasan alikuwepo, sarafu. Ukoo wa Abu al-Mawahib ulikuwa umeshika kiti mwanzoni mwa karne ya 14, mashahidi wanne.

Yaelekea: Ali aliishi karne ya 11, Mtambwe. Familia za juu za pwani zilikuwa na baba wa Kiajemi kuanzia karibu na mwaka 1000, vinasaba. Watawala wa kwanza wa Kilwa walitoka kwenye familia za namna hiyo, nimeliweka hapa kwa kusita kwa sababu hakuna kaburi la sultani yeyote wa Kishirazi lililopimwa.

Haijathibitika: kwamba walitoka Shiraz yenyewe, kwamba walikuwa na damu ya kifalme, orodha ya masultani wote kati ya Ali na mwisho wa karne ya 13 pamoja na miaka yao.

Hekaya: panya, merikebu saba, nguo kuzunguka kisiwa, maji yaliyogoma.

Acha nafasi kila mstari ya kuongeza na kufuta, na pembeni andika tarehe uliyobadilisha mawazo na kilichokubadilisha. Angekuwa na daftari kama hili mtu wa 1980, Ali angekuwa mwaka 1200 na kwa ushahidi wa siku ile asingekosea.

Mambo mawili ya mwisho ya vitendo. Ukienda Kisiwani pitia kwanza Kilwa Masoko upate kibali, na ukiona kigae au sarafu chini piga picha palepale kilipo, uache, mwambie muongozaji. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda, na ukishakiinua kile kitu tabaka lake limepotea, kinakuwa kama zile sarafu za Wessel. Na ukimrekodi mzee, mwache amalize bila kumsahihisha, muulize yeye aliisikia kwa nani na huyo kwa nani, andika majina ya hiyo minyororo kwa ruhusa yake, halafu rudi mwezi mwingine umwombe aisimulie tena. Vile vipande ambavyo havibadiliki hata neno, hivyo ndo vya kuanza navyo.